Saa za Kukauka kwa Blanketi: Maisha ya Mdogo Wangu

Mmeniambia niandike ukurasa mmoja. Mtu ameishi miaka sitini na miwili, miezi saba na siku kumi na tisa, halafu mnataka aingie ukurasa mmoja kama orodha ya mashuka. Nikasema aandike aliyesoma. Mkasema wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye uliyemlea, wewe ndiye unayejua. Kumbe mnajua kwamba najua. Ningefurahi kama mngejua mapema. Basi nimeandika kwa penseli, binti yake amechapa, na nimemwambia asipunguze. Ndiye atakayesoma. Akiruka mstari nitamwona, maana nimekaa mbele na karatasi yangu nafuatisha kwa kidole.

Marehemu mdogo wangu wa kike alizaliwa Jumatano tarehe 14 Juni 1961, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hospitali ya jeshi, ile iliyoegemea ukuta wa boila la kuchemshia maji. Baba yetu alikuwa mtu wa boila, mama yetu alikuwa dobi wa hospitali hiyo hiyo. Tulikuwa watano tumbo moja. Mimi kifungua mimba, yeye kitinda mimba, watatu wa katikati walitutoka wakiwa wadogo. Siku hiyo nilikuwa na miaka tisa, niko darasa la tatu, dawati la pili kutoka mbele. Mama alivuja damu nyingi sana, akalala miezi mitano. Baba alikuja mpaka mlango wa darasa na nguo zake za masizi, akamwita mwalimu pembeni, wakanong'ona, mwalimu akarudi akaniambia kusanya vitu vyako. Kwa hiyo siku aliyozaliwa marehemu ndiyo siku niliyoacha shule. Silalamiki. Nasema tu kwamba tarehe ni moja, na yeye ana cheti chake, mimi sina.

Nilimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Neno lake la kwanza lilikuwa dada. Mama alikuwa ameshapona, akanuna siku mbili nzima, akasema mtoto nimezaa mimi anamwita huyu. Nakumbuka nilifurahi.

Alianza shule Januari 1968, shule ileile, na mwalimu akamweka dawati lilelile la pili. Hakuna aliyeniuliza. Daftari langu la darasa la tatu lilikuwa bado kabatini, nusu yake tupu, na baba hakupenda kitu kipotee, akampa. Mdogo wangu aliligeuza, akaanza kuandika kutoka nyuma kuja mbele. Mwezi wa nne herufi zake zikakutana na zangu katikati. Zake zilikuwa nzuri kuliko zangu, na alikuwa na miaka sita.

Mama alipochoka mgongo nilichukua nafasi yake pale kwa dobi, nikiwa na miaka kumi na mitano. Marehemu akitoka shule alikuja kukaa juu ya marobota. Hesabu alijifunzia pale. Mashuka kumi fundo moja, mafundo kumi robota moja. Siku moja alimwambia bwana stoo mbele ya wauguzi wote kwamba fundo lake lina mashuka tisa. Likafunguliwa, yakahesabiwa, tisa. Watu wakacheka, wakambeba, wakasema huyu mtoto ana akili za kuzaliwa. Sasa nani alimwambia asubuhi ile kwamba fundo lile halijatimia? Mwaka wa hamsini na sita sasa nangoja mtu aulize.

Alifaulu kila alipokaa kwenye kiti cha mtihani. Alimaliza sekondari mwaka 1979, akaingia jeshini 1981 kama mwanafunzi wa uuguzi, akavaa kofia 1984. Siku ya gwaride la kumaliza nilimpigia pasi nguo zake mimi mwenyewe. Mikunjo ya suruali yake ungeweza kukatia mkate. Mkuu wa chuo aliisifu mikunjo ile, na marehemu akasema asante afande.

Kuhusu ndoa, nitasema yote kwa sababu shemeji yuko hapo mbele na mwenyewe anaikumbuka. Shemeji alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Kila siku saa nne alileta mablanketi ya gari lake kwa dobi, yeye mwenyewe, wakati madereva wengine walituma mtu. Aliyakunja vibaya ila aliyaleta. Aliuliza habari za nyumbani, aliuliza kama nimechoka, aliuliza mdogo wangu anapenda nini. Mwaka mzima. Mimi nilidhani anapita kwenye jina la mdogo wangu ili afike kwangu, nikaanza kuvaa kitambaa cha kichwa kizuri siku za kazi. Siku aliyosema anataka kwenda kuonana na baba, nilikimbia nyumbani kufagia. Aliingia, akakaa, akataja jina ambalo si langu. Nilileta chai bila kumwaga hata tone, na hilo naomba lijulikane. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 3 Septemba 1988, wakapata watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu na wa kiume ambaye ni fundi umeme. Mimi sikuolewa, na si kwa sababu hiyo. Shemeji asinune. Ametutunzia mtu vizuri miaka thelathini na mitano.

Kazi yake sasa. Hapa ndipo watu wengi wanasema alikuwa muuguzi kisha alikuwa mtu wa kompyuta, kama mtu aliyebadilisha viatu. Ilianza mwaka 1989, malori mawili ya askari yalipopinduka kwenye mteremko. Waliletwa majeruhi sabini kwa saa moja. Wamelazwa chini ukumbini mpaka kwenye ngazi, madaktari wa upasuaji watatu tu. Walikufa kumi na mmoja wakingoja. Marehemu alikuwa zamu ya mapokezi, na usiku wake hakulala, wala wiki ile. Alichora ukumbi wote kwenye karatasi, nani alilala wapi, nani aliingia kwanza. Alisema sita kati ya wale kumi na mmoja wangepona kama wangepangwa vingine. Watu wakamwambia ni mipango ya Mungu. Akasema inawezekana, lakini nataka kuihesabu.

Jeshi likampeleka kusoma takwimu na kompyuta, miaka mitatu, mbali, kwa ndege. Aliporudi 1996 alipewa chumba ghorofa ya pili juu ya stoo ya dawa, mashine tatu zilizofunikwa vitambaa, na vitambaa vile nilikuwa nafua mimi kila Alhamisi. Kazi yake ilikuwa kupigana vita ambavyo havijatokea. Ndani ya mashine aliweka mto na daraja, barabara, mahema ya matibabu, magari ya wagonjwa, madaktari wa upasuaji wanane, chupa za damu, machela. Halafu aliachia majeruhi. Kila majeruhi alikuwa nukta. Nyekundu ni wa kufa asipowahiwa, njano anaweza kungoja, kijani anatembea mwenyewe, na nyeusi sina haja ya kueleza. Wakubwa walizoea vita vidogo, majeruhi mmoja helikopta moja. Yeye aliwauliza, wakija elfu kwa siku na hakuna kinachoweza kuruka, mtafanyaje? Akabonyeza, na nukta zikaanza kutembea kwenye kioo kama siafu, nyingine zikifika hemani, nyingine zikisimama njiani na kubadilika rangi. Akihamisha hema moja karibu na daraja, nyeusi zilipungua. Akiongeza damu bila kuongeza magari, hazikupungua. Alifanya hivyo mara mia, mara elfu, mpaka ajue.

Niseme ukweli, nilizionea wivu nukta zile. Alizijua moja moja. Alikuwa akinyoosha kidole na kusema huyu ni paja, ana dakika arobaini. Mimi nilikuwa na uvimbe gotini miaka miwili, napanda ngazi zake kila Alhamisi nikichechemea, na hakuona. Siku tuliyomzika mama hakulia. Lakini nilimkuta ofisini akitokwa na machozi kwa sababu hema la tatu limezidiwa.

Jumanne tarehe 10 Novemba 2009 niliitwa kuchukua mapazia ya ofisi yake. Nilipofika alikuwa na wakubwa watano, pamoja na mkubwa wa tiba, akiwaonyesha vita vya siku sita. Nikaendelea na kazi yangu, nimesimama juu ya kiti, nachomoa vishikizo, lakini macho yalikuwa kwenye kioo. Pembeni palikuwa na safu ya vitu na namba zake. Mablanketi mia sita, siku ya kwanza. Mablanketi mia sita, siku ya pili. Siku ya tatu, mia sita. Namba nazisoma vizuri sana, zaidi ya maneno.

Nikauliza, "Na haya mablanketi?"

Mkubwa wa tiba akatazama juu. "Mablanketi gani, mama?"

"Ya hao watu wenu. Juzi wamefunikwa, jana wamefunikwa wengine kwa hayohayo, leo tena. Nani amefua?"

Wakacheka, kicheko cha kiungwana tu, cha watu waliokunywa chai. Mmoja akasema mama anataka tumwekee na pasi humo ndani. Mdogo wangu hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alisema bila kunitazama, "Dada, chukua mapazia uende."

Nilishuka kwenye kiti. Nikachukua mapazia nikaenda.

Ijumaa alikuja kwa dobi, na nyota zake mabegani, akasimama mlangoni kwenye mvuke.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mapazia hayajakauka."

"Sijafuata mapazia." Akatoa kalamu. "Blanketi la sufu lililolowa damu, mpaka lirudi kwenye machela likiwa kavu, ni saa ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Nikageuza ndoo. "Kaa chini."

Alikaa juu ya ndoo ile siku thelathini na moja. Nilimfundisha kila kitu, na hata siku zile nilikuwa bado nimekasirika, nikimfundisha kwa hasira. Kwamba damu huoshwa kwa maji baridi yenye chumvi, ukitia ya moto umeipika na haitoki tena. Kwamba sufu ikilowa inakuwa nzito mpaka wanawake wawili wainue. Kwamba ukibana mablanketi kwenye kamba yanakudanganya, nje kavu, katikati mabichi. Mvua ni habari nyingine, upepo ni habari nyingine, ukungu ndio mbaya kuliko vyote. Yeye alipima kwa saa ya mkono, akapima uzito kwa mizani ya jikoni, akaandika. Na yeye akanifundisha kitu kimoja. Mimi miaka yote nilidhani blanketi ni la kumfariji mgonjwa tu. Akaniambia, "Hapana dada. Mwili ukipoa, damu haigandi. Anayevuja anaendelea kuvuja." Tangu siku hiyo sikuwahi kupeleka blanketi bichi wodini, hata nikigombezwa kwa kuchelewa.

Alipoyaingiza yale kwenye mashine alikuja kunichukua mwenyewe, nikakaa kwenye kiti cha magurudumu. Siku ya kwanza sawa. Siku ya pili sawa. Siku ya tatu nukta nyekundu zikaanza kuwa nyeusi zikiwa tayari zimefika hemani, mbele ya madaktari, bila risasi yoyote mpya. Zilikuwa nyingi. Akasema, "Hawa wote ni wa baridi." Tulikaa pale, sisi wawili, na ninakiri kwamba ile ndiyo saa nzuri kuliko zote tulizokaa pamoja.

Agosti 2010 jeshi lilifanya zoezi la kweli, askari mia nne wamelala porini na vibao shingoni, huyu mguu, huyu kifua. Mvua ikanyesha. Siku ya pili mablanketi yalikuwa yananing'inia ndani ya mahema yakidondosha maji juu ya wagonjwa. Siku ya tatu wakubwa hawakucheka tena. Ikaamriwa kila majeruhi apangiwe mablanketi matatu, na kila hospitali ya mahema iende na madobi wake. Na tarehe 9 Desemba 2011 mdogo wangu akavalishwa nishani.

Nilikuwepo. Vitambaa vya meza vilikuwa vyangu, kwa hiyo nilikuwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, nangoja wamwage kitu. Mkubwa wa tiba alisoma hotuba. Mtafiti wetu amegundua, mtafiti wetu amebaini, mtafiti wetu kwa jicho lake kali. Niliposikia jicho kali nikasogea mbele hatua moja, nikijua sasa watataja. Hawakutaja dobi. Hawakutaja ndoo. Kile chuma kilipobandikwa kifuani kwake roho iliniuma kama mtu amenipitishia pasi. Naye alipotutazama sote, macho yake yalipita juu yangu, yakaenda ukutani.

Toka siku hiyo neno langu kwake lilikuwa moja. Shikamoo dada. Marahaba. Harusi ya binti yake, marahaba. Kustaafu kwake mwaka 2016 akiwa Luteni Kanali, marahaba. Miaka kumi na mmoja. Watu walisema nina kijicho. Ndiyo, nilikuwa nacho, na nilikilea vizuri, kilinenepa.

Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Alitibiwa katika hospitali ileile tuliyokulia nyuma yake, na madaktari walijitahidi sana, tunawashukuru. Ilipoonekana dawa zimefika mwisho wake, walimuuliza anataka kukaa wapi. Akasema kwa dada. Shemeji akanijia na kofia mkononi. Nilimwambia kitanda kipo, shuka zipo, ila yeye asije kunikunjia hizo shuka. Aliingia kwangu Jumamosi tarehe 6 Mei 2023 na mkoba mmoja.

Nilimwosha, nikamlisha, nikambadilisha shuka mara tatu kwa siku, na kwa majuma mawili sikumpa zaidi ya marahaba. Asubuhi moja nikiwa nasuuza, dirisha liko wazi, akaniita kutoka kitandani.

"Dada, niliandika. Ukurasa wa kumi na moja. Nikaandika wewe ni nani, na saa zote tulizopima, siku thelathini na moja. Wakaukata. Walisema ripoti ya jeshi haiwezi kumtegemea dobi."

Nikamjibu nikiwa nimempa mgongo. "Waliokata walikuwa na mkasi. Wewe ulikuwa na mdomo."

Nikakamua shuka, nikachukua jingine. Nilidhani amelala.

"Nilinyamaza," akasema. "Niliitaka ile nishani."

Nikaacha kusuuza. Miaka yote nilijiandaa kwa visingizio, na kila kisingizio nilikuwa na jibu lake. Hilo halikuwa kisingizio. Nikajifuta mikono, nikaingia, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwambia na mimi ningeitaka. Akacheka mpaka akakohoa.

Akasema kuna sehemu moja hawakuweza kukata, nimuulize Miwani. Miwani ni kapteni aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, tunamwita hivyo kwa sababu ya vioo vyake vinene kama chini ya chupa. Sikumuuliza. Kichwa changu kigumu, mnakijua. Nilisema kama kuna kitu, kitakuja chenyewe.

Alifariki Ijumaa tarehe 2 Februari 2024, saa nne na robo asubuhi, nyumbani kwangu. Toka alfajiri alikuwa anasikia baridi. Nilimfunika la kwanza, nikaongeza la pili, nikaongeza la tatu. Aliyapapasa kwa vidole.

"Makavu, dada?"

"Makavu."

Akafumba macho.

Jumatatu Miwani alikuja kutoa pole na kuchukua mali ya ofisi, ile kompyuta ya kubeba aliyokuwa nayo marehemu. Kabla ya kuondoka aliifungua juu ya meza yangu ya kupigia pasi.

"Mama, kuna neno naomba usome."

"Soma wewe mwenye miwani."

"Hili ni lako."

Nikasogea. Kioo cheusi, herufi nyeupe nne na alama ya kuuliza. Nikazifuata kwa kidole ingawa sikuhitaji. DADA? Chini yake kamstari kanapepesa, kanangoja.

Nikamuuliza inataka nini. Akasema inataka saa za kukausha. Vita havianzi mpaka mashine iandikiwe namba. Wakubwa walimwamuru marehemu aweke namba moja ya kudumu aondoe swali, akakataa katakata, akawaambia namba moja haiwezekani, inategemea. Neno langu hilo. Basi kila walipotaka kupigana vita vyao walimpigia simu, hata baada ya kustaafu, naye akawauliza mvua ipo, upepo upo, kamba ngapi, halafu akawatajia. Huko ofisini wengi walidhani Dada ni jina la mashine ya kukaushia.

"Na tangu ameugua?"

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa shati, na bila vioo anaonekana mtoto.

"Tuliona haya kumsumbua. Tunaandika sifuri."

"Sifuri?"

"Ili ipite, mama."

Mwaka na miezi mitatu. Mipango yote ya mwaka na miezi mitatu, mablanketi yanaloa damu saa mbili na saa mbili hiyohiyo yamekauka. Wamepunguza mablanketi kutoka matatu hadi moja, Miwani amekiri, kwa sababu mashine imesema moja linatosha. Mashine haina kosa. Iliuliza. Waliukata ukurasa wangu ili nisionekane, sasa hawana namba, na nukta zinaonekana nyekundu nzuri, zinaishi, wakati zimeshakuwa nyeusi zamani. Siku moja hazitakuwa nukta.

Alipoondoka nilikaa na meza yangu. Wivu wangu ulizunguka ukitafuta pa kukaa. Hakukuwa na nishani tena wala jicho kali. Mwisho ukakuta mahali: kwa nini aliiambia mashine miaka yote hiyo, asiniambie mimi, na mimi nilikuwa hatua mia tatu kutoka kwake. Halafu nikakumbuka nilikuwa nasema marahaba.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mimi dada yake. Nishani imewekwa juu ya jeneza. Nimeing'arisha kwa majivu na limau, na inapendeza kuliko nilivyotaka. Blanketi lililo chini yake ni moja kati ya yale matatu. Nililifua, nikalianika peke yake kwenye kamba, halikubanwa na kitu.

Apumzike mdogo wangu, pakavu na penye joto.

Sasa nyinyi mliokaa upande wa kushoto na nyota zenu, pamoja na yule mkubwa wa tiba, sasa mstaafu mwenye kofia, anayejua ukurasa wa kumi na moja ulikwenda wapi. Tukishafukia, msikimbilie magari. Meza yangu ya pasi iko langoni, na juu yake Miwani ameifungua ile mashine. Mtapita mmoja mmoja na kuandika jibu. Mvua, ukungu, mablanketi mia sita, kamba kumi. Namba sikuiandika humu, na Miwani nimemkataza. Atakayeandika sifuri nitamrudisha nyuma ya foleni. Asiyejua aulize. Nitasimama hapohapo mezani, na anianze kwa shikamoo.